Mofini ya Mgongoni: Dozi Ndogo kwa Maumivu Makubwa

Mtu asafiriye kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, mwendo wa kilomita 70 hivi, hutambua upesi kwamba nchi ya Rungwe haina huruma kwa magoti. Mashamba ya chai na migomba hupanda na kushuka juu ya vilima vilivyoumbwa na volkano. Njia ya kwenda mtoni ni mteremko, na ya kurudi, ndoo ikiwa kichwani, ni mlima. Katika kushuka, goti hubeba mzigo ulio mara kadhaa ya uzito wa mwili wenyewe, na mkungu wa ndizi ukiwa kichwani hesabu huongezeka. Vijana hawaoni neno. Wenye miaka sitini huona.

Katika goti, mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini lenye kuteleza ambalo halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo likisagika haliwezi kujijenga upya kwa urahisi. Gegedu likiisha, mfupa husugua mfupa. Watu wengi huyaita maumivu haya baridi yabisi, ingawa baridi ya Tukuyu haina hatia: visababishi vyake hasa ni umri, uzito wa mwili, majeraha ya zamani, urithi, na kazi nzito ya kubeba na kupiga magoti. Pale ambapo dawa za kumeza, mazoezi na mkongojo havitoshi tena, hubaki upasuaji wa kubadilisha goti. Daktari hukata ncha zilizoharibika, akazivika vifuniko vya chuma, na baina yake akaweka kipande cha plastiki ngumu. Hapa Tanzania upasuaji huo hufanyika, kwa mfano, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kutoka Tukuyu ni safari ya zaidi ya kilomita 800.

Upasuaji wa goti ni miongoni mwa ule uumizao sana, na jambo gumu ni kwamba mgonjwa haruhusiwi kulala tu akingoja maumivu yapungue. Anatakiwa akunje goti na kusimama siku ileile au siku ya pili yake. Asipofanya hivyo goti hukakamaa, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu. Kwa hiyo kutuliza maumivu si anasa ya kumbembeleza mgonjwa, bali ni sehemu ya tiba.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia mojawapo ya kuyatuliza, nayo ni kutia mofini kidogo mno ndani ya maji yanayozunguka neva za mgongoni. Mwalimu ataona kwamba humo mna biolojia, kemia na hesabu kwa pamoja, na kwamba katika masomo hayo matatu hesabu ndiyo iliyo nyepesi kuliko yote na ndiyo iwezayo kuua. Makala haya si mwongozo wa tiba. Dawa hii hutolewa na wataalamu wa usingizi na ganzi peke yao.

Mahali pa makabidhiano

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna kamba nene ya neva ambayo tutaiita ugwe mgongo. Habari ya maumivu hutoka gotini kwa neva nyembamba, hupanda pajani, huingia mgongoni sehemu ya kiunoni, na kufika katika ugwe huo. Upande wa nyuma wa ugwe, neva ya kwanza huikabidhi habari kwa neva ya pili, na neva hii ya pili ndiyo ipandayo mpaka ubongoni. Abiria atokaye Tukuyu kwenda Iringa kwa gari dogo hushuka Uyole, penye njia panda, akapanda gari jingine. Ukimzuia Uyole hafiki Iringa, ijapokuwa barabara zote mbili ni nzima.

Makabidhiano hayo hufanywa kwa kemikali. Ncha ya neva ya kwanza humwaga kemikali, na neva ya pili huipokea. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba katika ugwe mgongo mna kitu mfano wa lango, ambalo huweza kufunguliwa au kufungwa kabla maumivu hayajafika ubongoni. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimesahihishwa baadaye, lakini wazo lake kuu, kwamba maumivu yaweza kuzuiwa mgongoni, limesimama.

Mofini inahusianaje na lango hilo? Hutokana na kasumba. Vijana wengi hulijua neno hili kwa maana ya mawazo ya kikoloni yasiyotaka kutoka kichwani, lakini maana yake ya asili ni afyuni, yaani utomvu uliokaushwa wa tunda la mpopi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitenga kutoka katika utomvu huo kemikali yenye nguvu ya kulevya na kutuliza, akaipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Kwa zaidi ya miaka 150 madaktari waliitumia bila kujua hasa inashika wapi. Mwaka 1973 maabara tatu, mbili za Marekani na moja ya Sweden, zilionyesha kwamba katika neva mna vipokezi maalumu ambavyo mofini huingia kama ufunguo katika kufuli. Vipokezi hivyo vimejaa pia mahali pale pa makabidhiano. Mofini ikivishika, ncha ya neva ya kwanza hupunguza kumwaga kemikali yake, na neva ya pili huwa nzito kuamka.

Mwaka 1976 Tony Yaksh na Thomas Rudy walitia dawa za jamii ya mofini moja kwa moja mgongoni mwa panya, nao panya wakavumilia joto na maumivu huku wakiendelea kutembea kama kawaida. Mwaka 1979 Josef Wang na wenzake walitangaza matokeo kwa wagonjwa wanane wa saratani: kwa miligramu 0.5 hadi 1 tu, nafuu ilidumu nusu siku hadi siku nzima.

Ganzi ya mgongo yenyewe ni ya zamani zaidi. Mnamo Agosti 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alitia kokeini katika maji ya mgongo ya mgonjwa, akampasua mguu bila maumivu. Siku chache baadaye yeye na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana wao kwa wao. Hildebrandt alipigwa nyundo ya chuma muundini asisikie kitu. Wote wawili waliugua baadaye, na Bier aliumwa kichwa kwa siku nyingi kwa sababu ya maji ya mgongo yaliyovuja. (Ndiyo sababu siku hizi sindano za kazi hiyo ni nyembamba mno, na ndiyo sababu majaribio ya namna hiyo huhitaji kibali cha kamati.) Miaka hiyohiyo, mmoja ukitazama ramani, Wajerumani walikuwa wakijiimarisha katika nchi ya Wanyakyusa, na boma lao la Tukuyu wakaliita Neu Langenburg.

Tofauti baina ya dawa hizi mbili ni muhimu. Ganzi huzima neva zote, za kuhisi na za kusogeza mguu, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Mofini huzuia makabidhiano ya maumivu, na mguu ukabaki na nguvu zake. Kwa mtu atakiwaye asimame siku ileile, faida yake ni dhahiri. Kwa hiyo wataalamu huweza kuzichanganya katika sindano moja: ganzi kwa saa za upasuaji, mofini kwa usiku unaofuata.

Jani la mgomba

Kwa nini mofini hudumu karibu siku nzima mgongoni, na fentanili, ambayo ni jamii yake na ina nguvu kuliko yeye, hudumu saa chache tu? Jibu linaweza kuonyeshwa kwa jani la mgomba, ambalo hakuna shule ya Rungwe itakayolikosa. Mwagia jani hilo maji: hujikusanya matone na kuviringika, kwa kuwa jani limepakwa nta. Pakaa mafuta ya kupikia: hutandaa na kushika. Mafuta hupenda mafuta, na maji hupenda maji.

Neva za ugwe mgongo zina mafuta mengi. Fentanili hupenda mafuta, basi ikitiwa hapo huingia upesi katika neva zilizo jirani na kuchukuliwa na damu. Huanza kazi kwa dakika chache na kumalizika baada ya saa chache. Mofini hupenda maji. Huingia katika neva polepole, na sehemu kubwa yake hubaki ikielea katika majimaji ya mgongo. Majimaji hayo ni takriban mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo hayatulii: hufanywa upya na kuzunguka baina ya mgongo na ubongo. Mofini iliyotiwa kiunoni husafiri nayo. Huu ndio wema wake, maana hudumu, na ndio ubaya wake pia, maana hatimaye sehemu yake hufika chini ya ubongo, kilipo kituo kinachoendesha upumuaji.

Kwa kawaida kituo hicho huhisi kabonidayoksaidi ikizidi katika damu, nacho huamuru mapafu yafanye kazi zaidi. Mofini hukifanya kisijali. Mgonjwa hahisi kukosa hewa, haliti, wala hahangaiki. Husinzia tu, na pumzi zake huenda zikipungua, kutoka 16 kwa dakika hadi 10, hadi 6. Hatari hiyo haitokei mbele ya daktari aliyetia sindano. Mara nyingi huja kati ya saa 6 na 12 baadaye, na haijaisha kabisa mpaka saa 24 zipite. Aliyetiwa sindano saa nane mchana yuko hatarini zaidi kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane usiku, wakati ambapo jamaa zake wanafurahi kwamba hatimaye amepata usingizi mzuri.

Sehemu ya kumi ya miligramu

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa makisio yatumiwayo na wataalamu, miligramu 30 za mofini ya kumeza hulingana na miligramu 10 za kutiwa katika mshipa wa damu, na hizo hulingana na miligramu 1 ikiwekwa nje ya utando uzungukao maji ya mgongo, na hiyo nayo hulingana na miligramu 0.1 ikiwekwa ndani ya maji yenyewe. Dawa ni ileile, na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali, na kwa sababu ya mahali dozi imeshuka mara 300. Dawa ya kumeza hupotea kwa wingi katika ini, na iliyobaki hutawanyika mwili mzima. Iliyotiwa katika maji ya mgongo imekwisha kufika nyumbani.

Hapo mwanzo jambo hili halikueleweka vizuri. Mnamo 1979 na miaka michache iliyofuata, baadhi ya madaktari walitia miligramu kadhaa, na wengine hata zaidi ya 10, na taarifa za wagonjwa walioacha kupumua saa nyingi baada ya sindano zikaanza kuchapishwa. Tangu hapo dozi imekuwa ikishuka. Leo, kwa upasuaji kama huu wa goti, huwa kwa kawaida kati ya miligramu 0.1 na 0.2, yaani mikrogramu 100 hadi 200. Kuizidisha hakuleti nafuu kwa kiasi kilekile. Huzidisha zaidi kuwashwa mwili, kichefuchefu, kushindwa kukojoa, na ile hatari ya pumzi.

Kichupa cha mofini kipatikanacho mara nyingi kina miligramu 10 katika mililita 1. Miligramu 0.1 ni sehemu ya mia ya kichupa hicho, yaani mililita 0.01. Hakuna bomba la sindano la kawaida liwezalo kupima kiasi hicho. Tone lisalialo shingoni mwa bomba huweza kuwa kubwa kuliko dozi yenyewe. Kwa hiyo hapana budi dawa izimuliwe kwa maji safi ya chumvi. Chukua mililita 1 ya kichupa, ongeza mililita 9 za maji ya chumvi, na sasa kila mililita ina miligramu 1. Chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo, ongeza tena mililita 9, na sasa kila mililita ina miligramu 0.1. Kadhalika mofini yenyewe haina budi kuwa ile isiyotiwa kemikali za kuzuia kuoza, kwa sababu kemikali hizo huweza kudhuru neva.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya hesabu hii. Lakini mtaalamu aliyefanya kazi tangu alfajiri, aitwaye huku na huku, aweza kuiruka hatua moja, na maji yote mawili ni meupe, hayatofautiani kwa macho. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliandika katika daftari langu la maabara “.1” bila sifuri mbele. Mwalimu wangu alichukua kalamu nyekundu, hakunisahihisha, bali aliandika “1” kubwa kando yake na kuniuliza kama mtu wa pili angeweza kuyatofautisha chini ya taa hafifu. Niliona ananionea. Siku hizi nawasumbua wanafunzi wangu kwa jambo hilohilo: sifuri iandikwe daima kabla ya nukta ya desimali, isiandikwe kamwe baada yake bila sababu, na ikiwezekana iandikwe “mikrogramu 100” ili nukta isiwepo kabisa.

Ni nani atakayehesabu pumzi?

Dozi haikamiliki sindano inapotolewa. Mapendekezo ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2016 yanataka mgonjwa aliyetiwa mofini mgongoni akaguliwe upumuaji na fahamu zake kila saa kwa saa 12 za kwanza, kisha kila saa 2 kwa saa 12 zinazofuata. Hizo ni mara 12 na mara 6, jumla mara 18 kwa mgonjwa mmoja. Kukagua si kupita na kutazama. Ni kusimama na saa kwa dakika nzima, kuhesabu kifua kikipanda, na kumwita mgonjwa kwa jina aone kama anaamka. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni husaidia, lakini kinaweza kudanganya: mgonjwa aliyewekewa oksijeni puani huweza kuonyesha namba nzuri huku pumzi zake zikipungua na kabonidayoksaidi ikijaa.

Pumzi zikishuka chini ya 10 ni onyo. Dawa ya kuirudisha hali ipo, nayo ni naloksoni, ambayo huing'oa mofini katika vipokezi. Lakini nguvu ya naloksoni huisha kwa saa moja hivi, na mofini bado imo katika maji ya mgongo. Mgonjwa aliyezinduka saa sita usiku huweza kuzama tena saa saba. Hapana budi aendelee kukaguliwa, na dawa irudiwe.

Hesabu hii haihusu Dar es Salaam peke yake. Ganzi ya mgongo ndiyo itumikayo sana kwa upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya nchini, na miligramu 0.1 ya mofini katika sindano ileile huweza kumpa mzazi nafuu ya siku nzima kwa gharama ndogo. Kwa wazazi wenye afya njema wanaopewa dozi isiyozidi miligramu 0.15, wataalamu wa ganzi ya uzazi wa Marekani walipendekeza mwaka 2019 kwamba ukaguzi wa kila saa 2 kwa saa 12 unatosha. Hiyo ni mara 6 badala ya 18. Tazama basi jinsi dozi ndogo inavyopunguza hatari na pia kazi ya muuguzi. Mzee wa goti hahesabiwi hivyo. Umri, unene na kukoroma usingizini humweka katika kundi la hatari zaidi.

Kwa maoni yangu, wodi isiyo na saa ukutani, mtu wa kuhesabu usiku, na naloksoni kabatini haifai kuwa na mofini ya mgongoni, hata kama kichupa kipo na mtaalamu anajua kazi yake. Lakini hofu nayo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumwacha mgonjwa alie. Kamati iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu ya kumi tu ya tani moja. Tatizo la kwetu kwa miaka mingi halikuwa wingi wa dawa hii bali uhaba wake.

Tena goti lina njia nyingine. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa Ulaya liitwalo PROSPECT lilipitia ushahidi uliopo kuhusu maumivu ya upasuaji huu. Lilishauri parasetamoli na dawa za kupunguza uvimbe, pamoja na ganzi inayotiwa na mpasuaji mwenyewe kuzunguka goti kabla hajafunga kidonda, na ganzi nyingine ya neva upande wa ndani wa paja. Mofini ya mgongoni, mikrogramu 100, ilibakizwa kwa nadra, pale ambapo ganzi hizo mbili haziwezekani na mgonjwa analala hospitali. Ganzi ya paja huhitaji mashine ya mawimbi ya sauti na mtu aliyefunzwa kuisoma. Ile ya kuzunguka goti huhitaji sindano ndefu, dawa, na dakika chache za subira, na haimzuii mtu kupumua. Nikiulizwa nianze na ipi katika hospitali yenye wauguzi wachache, ningeanza na hiyo.

Zoezi la darasani

Chemsha chai ya Rungwe iwe nyeusi kabisa, iache ipoe. Kwa bomba la sindano lisilo na ncha, chukua mililita 1 ya chai, ongeza mililita 9 za maji katika bilauri ya pili. Kutoka bilauri ya pili chukua mililita 1, ongeza mililita 9 za maji katika bilauri ya tatu. Mwite mwenzako ambaye hakuwapo, umwoneshe bilauri ya pili na ya tatu, moja baada ya nyingine na si kwa pamoja, kisha mwambie ataje ipi ni ipi. Rudia jaribio hilo kwa maji ya chumvi badala ya chai.

Ikiwa bilauri ya kwanza ingekuwa kichupa cha mofini chenye miligramu 10 katika mililita 1, mtu aliyesahau hatua ya pili ya kuzimua, akatia mililita 1, ametia miligramu ngapi, na ni mara ngapi ya dozi iliyokusudiwa? Na ikiwa wodini mna wagonjwa wanne wa goti waliotiwa mofini mgongoni siku moja, na kila ukaguzi huchukua dakika 3, muuguzi atatumia jumla ya saa ngapi kwa ukaguzi huo peke yake katika saa 24?